Nitazuiaje matangazo yanayojipenyeza kati ya barua pepe ninazosomea kwenye kivinjari?

Karani_wa_Ushirika ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafanya kazi katika ofisi ya chama kidogo cha ushirika cha wakulima wa kahawa mkoani Kilimanjaro, ambako kompyuta ni chache na watumiaji ni wengi. Barua pepe zetu zimetawanyika kwa sababu za kihistoria: anwani ya zamani ya chama iko Yahoo, ya mhasibu iko Outlook, na zile zilizofunguliwa miaka ya karibuni ziko Gmail. Zote tunazisoma kwa kufungua tovuti kwenye kivinjari, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuwekea programu maalumu ya barua.

Sina ugomvi na matangazo kwa ujumla wake, maana ninaelewa kwamba huduma isiyolipiwa na mtumiaji lazima ilipiwe na mwingine. Kinachonikera ni yale yanayokaa ndani ya orodha ya barua, yakiwa na jina la mtumaji na kichwa cha habari mithili ya barua halisi, kiasi kwamba mzee mmoja wa kamati alibofya tangazo la mikopo akidhani ni jibu la benki tulilokuwa tukilisubiri. Pamoja na hayo, ukurasa wenye matangazo ya pembeni huchelewa kufunguka, na bando linanunuliwa kwa fedha za chama, ambazo kila shilingi yake huulizwa kwenye mkutano mkuu.

Naomba kufahamishwa mambo matatu. Je, ipo njia ya kuyaondoa bila kulipia? Je, ni salama kuweka kiendelezi cha kuzuia matangazo, yaani kile kiprogramu kidogo cha kuongezea, kwenye kivinjari kile kile ambacho kwacho tunasoma barua za siri za chama? Na je, kuyazuia ni kuvunja sheria au masharti ya huduma?

---

Fundi_wa_Pangani amejibu:

Ndugu Karani, umeuliza vizuri kwa sababu umetaja huduma zote tatu, na kila moja ina dawa yake. Watu wengi hukimbilia kiendelezi kabla ya kuangalia mipangilio, ilhali kwa Gmail kiendelezi huenda kisihitajike kabisa.

Gmail haiweki matangazo kila mahali. Tangu mwaka 2013 kikasha chake kimegawanywa kwa vichupo, na yale matangazo yaliyovaa sura ya barua huonekana hasa kwenye kichupo cha Promotions na kile cha mitandao ya kijamii. Ukivifuta vichupo hivyo, tangazo linakosa pa kukaa. Bofya alama ya gurudumu lenye meno iliyo juu upande wa kulia, chagua kuona mipangilio yote, ingia sehemu ya kikasha, kisha ondoa alama ya tiki kwenye kila aina ya barua isipokuwa ile ya msingi, na mwisho kabisa uhifadhi mabadiliko, kwa sababu usipohifadhi hakuna kitakachobadilika. Njia nyingine ni kubadili aina ya kikasha ili barua ambazo hazijasomwa zitangulie, na hapo pia vichupo huondoka. Kwenye simu mpangilio huo umo ndani ya programu ya Gmail, chini ya jina la akaunti husika. Gharama yake ni kwamba barua za biashara ulizojiandikisha mwenyewe, kama za maduka na mashirika ya ndege, zitarudi kuchanganyika na barua za kazi. Hilo nitamwachia mwingine alizungumzie.

Nigusie pia jambo ambalo bado linasemwa kimakosa kwenye mabaraza mengi, kwamba Google husoma barua zako ili ikuchagulie matangazo. Ndivyo ilivyokuwa tangu Gmail ilipoanzishwa tarehe 1 Aprili 2004, kwani mashine zilikagua maneno ya barua na kuweka matangazo yanayolandana nayo. Juni 2017 kampuni hiyo ilitangaza kuacha kutumia maudhui ya barua za watu binafsi kwa kazi hiyo. Matangazo yalibaki, ila sasa yanachaguliwa kwa kutumia mambo mengine ambayo akaunti yako imekusanya. Ukizima ubinafsishaji wa matangazo katika mipangilio ya akaunti hutapunguza idadi yake. Utaona tu matangazo yasiyokuhusu. Ninalisema hili kwa sababu watu huzima kitufe hicho, wakasubiri matangazo yatoweke, kisha wakadhani kimeharibika.

Yahoo na Outlook ni habari tofauti, kwa sababu kule hakuna mpangilio wa bure wa kuyaondoa. Wenye huduma wanakuuzia utulivu: Yahoo wana Mail Plus, na Microsoft huondoa matangazo ya Outlook kwa anayelipia Microsoft 365, hata kile kifurushi cha chini kiitwacho Basic kilichoanza mwaka 2023. Asiyetaka kulipa ndipo anapogeukia kiendelezi.

Kiendelezi hufanya kazi kwa namna mbili, na ni vyema ukazielewa kwa sababu ndizo zinazoeleza kwa nini njia nyingine hazifui dafu. Namna ya kwanza ni kukata mawasiliano: kivinjari kinapotaka kuchukua picha au maandishi kutoka kwenye seva inayojulikana kuwa ya matangazo, kiendelezi hulizuia ombi hilo lisitoke, na hapa ndipo bando linapookolewa. Namna ya pili ni kuficha: tangazo limekwisha kufika pamoja na ukurasa, kwa kuwa limetoka kwenye seva ile ile iliyoleta barua, na kinachobaki ni kukiamuru kivinjari kisilioneshe. Matangazo yaliyofanana na barua kwa kawaida huhitaji namna hii ya pili. Ndiyo maana wanaoshauriwa kubadili DNS (huduma inayotafuta seva kwa jina lake) ya simu au ya ruta huona matangazo ya pembeni yakipungua huku lile lililo juu ya orodha ya barua likibaki pale pale; DNS inajua majina ya seva tu, haioni kilichomo ndani ya ukurasa.

Kwa kompyuta zenu ningependekeza kivinjari cha Firefox pamoja na kiendelezi cha uBlock Origin. Mtunzi wake ni Raymond Hill, ni bure, msimbo wake uko wazi, na hutumia orodha za vichujio zinazohuishwa na wanaojitolea, ikiwemo EasyList ambayo imekuwepo tangu 2005. Jina mlisome kwa makini hadi mwisho, kwa sababu kipo kiendelezi kingine kiitwacho uBlock, bila neno Origin, ambacho si mali ya watu hao.

---

Mkutubi_Mombasa amejibu:

Fundi ameeleza kwa ufasaha, lakini nadhani ameliruka swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Kiendelezi cha kuzuia matangazo hakiwezi kuficha kitu kwenye ukurasa pasipo kupewa ruhusa ya kuusoma na kuubadili ukurasa huo. Ukikiweka kwa ajili ya barua pepe, umekipa uwezo wa kuona kila barua unayoifungua: mikataba, hesabu za mhasibu, hata ujumbe wa kubadilishia nywila. Ni sawa na kumkabidhi mlinzi ufunguo wa ofisi ili awafukuze wachuuzi; kabla ya kumkabidhi, mtu huuliza ametoka wapi. Na sababu ya kuuliza ipo, kwani mwaka 2017 kiendelezi bandia kilichojiita Adblock Plus kilikaa kwenye duka rasmi la Chrome na kupakuliwa na maelfu ya watu kabla hakijaondolewa. Viendelezi vingine huanza vikiwa safi, kisha vikauzwa kwa mmiliki mpya, na masasisho yanayofuata yanaingia yenyewe bila mtumiaji kuambiwa lolote.

Kwa sababu hiyo, katika ofisi yenye barua za watu wengine, mimi ningeanza na njia isiyohitaji kiendelezi kabisa, yaani kuacha kusomea barua kwenye tovuti. Matangazo ni sehemu ya ukurasa wa tovuti. Barua zenyewe zinapochukuliwa na programu ya barua kwa itifaki ya IMAP, yaani utaratibu wa kuzisoma moja kwa moja kutoka kwenye seva, ukurasa hauji, na matangazo yake hayaji. Thunderbird, ambayo ni programu ya barua ya bure na imekuwepo tangu 2004, inaweza kuziweka Yahoo, Outlook na Gmail zenu zote katika dirisha moja bila tangazo hata moja. Tena, kwa chaguo-msingi huzuia picha za mbali zilizomo ndani ya barua, zikiwemo zile ndogo zisizoonekana ambazo watumaji hutumia kujua kama barua yao imefunguliwa.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hamjahama. La kwanza ni bando: Thunderbird, isipoambiwa vingine, hupakua nakala za barua zote ili zisomeke hata mtandao usipokuwepo, na kwenye anwani ya zamani yenye viambatisho vingi hilo linaweza kumaliza kifurushi kizima siku ya kwanza. Ingieni kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji na hifadhi, mkaizuie isihifadhi nakala, au muiruhusu kwa barua za siku za karibuni peke yake. La pili ni faragha baina yenu wenyewe. Kompyuta inayotumiwa na wengi ikiwa na Thunderbird iliyokwisha kuingia kwenye akaunti zote, yeyote atakayeketi atasoma chochote, hivyo kila mtumiaji afunguliwe akaunti yake ya kompyuta yenye nywila yake. Hapo ndipo tovuti inapoizidi Thunderbird, maana kwenye tovuti mtu hutoka akimaliza. Au angalau anapaswa kutoka.

---

Karani_wa_Ushirika ameandika:

Nawashukuru nyote wawili. Vichupo vya Gmail nimekwisha kuviondoa, na orodha sasa ina barua halisi peke yake.

Nilipojaribu uBlock Origin kwenye Chrome niliambiwa kwamba kiendelezi hicho hakitumiki tena, jambo lililonishangaza kwa kuwa mpwa wangu aliwahi kukisifia. Pia mwenyekiti wetu husoma barua za Yahoo kwenye kivinjari cha simu ya Android, wala hataki kusikia habari ya programu mpya. Na bado sijajibiwa kuhusu sheria.

---

Fundi_wa_Pangani amejibu:

Hakikuharibika, ni Chrome iliyobadilika. Google imebadili kanuni za viendelezi, na katika miaka ya 2024 na 2025 ilivizima kwa awamu vile vilivyoandikwa kwa kanuni za zamani, uBlock Origin kikiwemo. Mtunzi yule yule ametoa toleo jepesi, uBlock Origin Lite, linalokubaliana na kanuni mpya. Ukilitumia, hakikisha kiwango cha uchujaji cha tovuti ya barua kimepandishwa juu ya kile cha msingi, kwa sababu kiwango cha msingi hukata mawasiliano tu na hakifichi kitu, nanyi shida yenu ni ya kuficha. Firefox haijaliacha toleo kamili, na ndiyo sababu niliitaja mapema.

Hoja ya ndugu Mkutubi kuhusu ruhusa ninaikubali, ila Lite inaipunguza kidogo makali, kwa kuwa unaweza kukipa kiendelezi ruhusa kwenye tovuti moja na kukinyima kwingine. Kwa mfano mnaweza kukiruhusu Yahoo na kukiacha nje ya Gmail, ambako kazi yake imekwisha kufanywa na mipangilio.

Kuhusu mwenyekiti, Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inavipokea, uBlock Origin kikiwemo, na Brave ina kizuizi cha matangazo tangu unapoiweka. Zote mbili ni vivinjari vya kawaida. Mwekee alama ya Yahoo kwenye skrini ya mwanzo ya simu yake, wala hutalazimika kumweleza kilichobadilika. Jambo moja tu: asianze kubofya kulia na kushoto akificha vipande vya ukurasa kwa mkono. Majina ya ndani ya vipande hivyo hubadilishwa mara kwa mara na wenye tovuti, hivyo kichujio alichokitengeneza mtu leo kinaweza kesho kuficha kitufe cha kutuma barua. Kazi hiyo ni ya wanaotunza orodha.

---

Wakili_Msomaji amejibu:

Kuhusu sheria, nitaeleza ninayoyafahamu kwa jumla. Huu si ushauri wa kisheria kwa chama chenu.

Sijui sheria yoyote ya Tanzania inayomlazimisha mtu kuoneshwa tangazo kwenye kompyuta yake mwenyewe. Suala la masharti ya huduma ni la mkataba kati yako na mtoa huduma, na anachoweza kufanya ni kukunyima huduma. Mfano upo: Novemba 2015 Yahoo iliwazuia baadhi ya watumiaji wake nchini Marekani wasifungue barua zao mpaka wazime vizuia matangazo. Kwa ofisi inayotegemea anwani moja kupokea maagizo ya wanunuzi, hiyo ni hatari ya kweli ya kikazi hata kama si kosa la jinai, nami kwa sababu hiyo ninaegemea upande wa Thunderbird.

Kinachovutia zaidi ni kwamba huko Ulaya swali limegeuzwa, na sasa anayehojiwa ni mweka tangazo. Tarehe 25 Novemba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyotoka Ujerumani, kati ya kampuni mbili za umeme, ambapo moja ilikuwa imetangaza biashara yake ndani ya vikasha vya watumiaji wa huduma ya bure ya barua pepe ya T-Online. Mahakama ilisema kwamba tangazo linalooneshwa ndani ya orodha ya barua, kwa sura inayokaribiana na barua halisi, ni matumizi ya barua pepe kwa ajili ya kunadi biashara, na kwa hiyo linahitaji ridhaa ya mtumiaji iliyotolewa kabla. Haikusaidia kudai kwamba hakuna barua iliyotumwa. Mahakama ilitazama mahali tangazo lilipoonekana na namna linavyoweza kumchanganya msomaji, na hicho ndicho kilichompata mzee wenu wa kamati.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi kwa kutumia uamuzi huo. Mwishoni mwa 2024 mamlaka yake ya kulinda taarifa binafsi, CNIL, ilitangaza kuitoza kampuni ya simu ya Orange faini ya euro milioni 50 kwa kuweka matangazo kati ya barua za wateja wake bila ridhaa, na Septemba 2025 ikaitoza Google euro milioni 325, baadhi ya sababu zikiwa ni matangazo hayo hayo ya vichupo vya Gmail ambayo ndugu Fundi ameeleza namna ya kuyaondoa.

Kwetu bado hatujafika huko kwa maneno ya wazi namna hiyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data inakataza kutumia taarifa binafsi za mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu na mhusika amefahamishwa. Ile ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kumtaka anayetumia taarifa zake kwa kunadi biashara aache kufanya hivyo. Sheria hizi zinawashika vizuri zaidi wale wanaokutumia barua za matangazo moja kwa moja kuliko mwenye kikasha anayepachika tangazo ukutani kwake.

---

Mkutubi_Mombasa amejibu:

Nimalizie lile aliloliacha Fundi, la barua za biashara zinazorudi kwenye orodha baada ya kufuta vichupo. Hakuna kizuia matangazo kitakachozigusa, kwa kuwa hizo ni barua halisi zilizotumwa kwenye anwani yako.

Zitokazo kwa kampuni unazozifahamu, jiondoe kwa kitufe kinachokaa juu kando ya jina la mtumaji, si kwa kiungo kilichofichwa chini ya barua. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa, ambao kwa Gmail ni wale wanaotuma kuanzia barua 5,000 kwa siku, waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na kitufe hicho cha juu ndicho kinachoitumia. Zitokazo kwa usiowajua, usijiondoe. Ziripoti kama taka, kwa sababu kubofya kiungo cha mtumaji mwovu ni kumthibitishia kwamba anwani yako ina mtu. Zile unazozihitaji lakini hutaki zikae mbele ya macho, mathalani matangazo ya minada ya kahawa, ziundie kichujio kinachozihamishia kwenye folda yake zinapoingia.

Mkiamua kuhamia Thunderbird, anzeni na akaunti ya mhasibu, kwa sababu ndiyo itakayowasumbua. Tangu Septemba 2024 Outlook haikubali programu za barua ziingie kwa jina na nywila pekee. Katika mipangilio ya seva, kwenye njia ya uthibitishaji, chagueni OAuth2 kwa barua zinazoingia, kisha mfanye hivyo hivyo kwenye seva ya barua zinazotoka, ambayo huwekwa mahali pengine na husahauliwa na wengi. Litafunguka dirisha la Microsoft la kuingilia, mhasibu aandike nywila yake mwenyewe hapo, na Thunderbird itapewa kibali bila kuihifadhi nywila hiyo.